Kwihara Haihami

Vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Isevya, Tabora, na magitaa yenu mgongoni, nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Kila anayepiga hodi swali lake ni lile lile: "Babu, ule wimbo wenu wa 'Kwihara Ile' mbona hatuupati popote?" Leo nawajibu wote kwa mpigo. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, maana ndivyo ninavyojua kusimulia, na mwenye haraka aendelee na simu yake.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa la solo. Sisemi nilikuwa hodari kuliko wote. Wapo waliokuwa hodari kweli kweli na hawakusikika hata Nzega. Ila mimi nilikuwa na kelele. Gitaa langu lilikoroma, lilikwaruza, lililia, na watu waliokuja kwenye bugi, lile dansi la Jumapili mchana, wakiwa wamevaa vizuri walirudi makwao mashati yamelowa na viatu mkononi. Bendi yenyewe haikuwa kubwa: solo, rithim, besi, drams, tumba, saksafoni moja ya kiongozi wetu Mzee Kilasa, na waimbaji wawili waliokuwa hawasalimiani mpaka wafike jukwaani.

Huo mkoromo mnaoununua siku hizi kwenye vile viboksi vya kukanyaga kwa mguu, mimi niliupata kwa ajali. Tulikuwa tunakwenda Urambo msimu wa kuuza tumbaku. Spika yangu ilikuwa nyuma ya lori, juu ya mizigo ya watu, na kule barabarani kitu kikaipenya, nadhani mguu wa kitanda cha mtu aliyekuwa anahama. Tulipofika nikaichomeka, ikatoa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Mzee Kilasa akashika kichwa. "Zima hiyo takataka," akasema. Sikuwa na nyingine, na wakulima walishajaa, kwa hiyo nikapiga hivyo hivyo huku nimeinamisha uso. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, watu wameacha kucheza, wanatazama spika. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na uwanja ukawaka vumbi. Mzee Kilasa alinijia baadaye akiwa anafuta saksafoni yake. "Usiitengeneze," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nilikuwa nachana spika kwa makusudi. Ukitaka kujua namna yake, chukua wembe, chana karatasi ya spika karibu na ukingo, mkato mfupi, usiguse katikati. Ukizidisha inapumua tu, haikoromi. Nimeua spika kadhaa kabla ya kuujua mkono wangu, na fundi wa mjini alikuwa akiniona nakuja anajificha nyuma ya duka.

Kuvuta waya nako nilijifunzia Urambo huko huko, kabla hata ya bendi. Nilikuwa kijana, napaka rangi nyumba ya mzungu mmoja wa tumbaku, na yeye kila alasiri alikuwa anafungua madirisha na kuweka santuri. Ilikuwa miziki ya Wamarekani Weusi, bluzi, halafu na wale waliokuja kuikoleza wakaiita roki. Sikuelewa neno hata moja. Lakini lile gitaa niliona kama lilikuwa linaniuliza habari za nyumbani. Mpigaji alikuwa haiachi sauti yake palipo sawa, anaivuta juu, inapanda inalia, ndipo anaiachia. Dirisha la chumba cha santuri nililipaka rangi mara nyingi kuliko madirisha yote ya nyumba ile.

Sasa, kuvuta waya kunataka waya unaovutika, na Tabora ya wakati ule nyuzi zikikatika dukani hupati. Tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukachambua uzi mmoja mmoja. Zinadumu, lakini zinakula vidole, na ukizivuta zinagoma. Nilikuwa naupaka waya mafuta ya mgando na kuulegeza kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha napandisha sauti kwa nguvu ya kidole. Ndiyo maana mkiniangalia kidole hiki cha kati mnakiona kimepinda. Nyuzi za besi zilizozeeka tulizichemsha kwenye sufuria zikarudia ujana, na mke wangu, Mungu amrehemu, aliniapia kwamba siku nikitumia tena sufuria yake ya wali nitaila hiyo supu ya waya mwenyewe.

Lakini nimeanza na mimi kwa sababu ya kuzoea tu. Wimbo mnaoutafuta nusu yake haikuwa yangu. Ilikuwa ya Maganga.

Maganga ndiye alipiga rithim. Alikuwa mtu wa Choma kule Igunga, mrefu, mkimya, mtoto wa wafugaji, na alitembea kama mtu anayechunga hata pale ambapo hapakuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa naruka jukwaani, napiga magoti, nalipiga gitaa kisogoni. Yeye alisimama mahali pamoja, macho amefumba, mguu wa kulia unagonga sakafu. Watu walikuja kunitazama mimi, lakini miguu yao ilikuwa inamfuata yeye.

Mzee Kilasa alitufundisha kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Alitukataza kufanya mazoezi ya wimbo mpya pamoja. Kila mtu alipewa kipande chake, akaenda kukipiga nyumbani peke yake, na vile vile alivyotakiwa kukipiga jukwaani, pamoja na ukimya wake. Kama kipande chako kina mahali pa kunyamaza, nyumbani unyamaze. Usijaze. Tulilalamika sana. Mimi nilimwambia kwamba majirani wanadhani nimerukwa na akili, napiga kidogo nanyamaza, napiga kidogo nanyamaza. Alinijibu kwa ukali: "Ukikijua kipande chako kwa kumwegemea mwenzako, hujakijua. Kaa nacho ndani kwako mpaka kikubali." Kisha akatukutanisha, na tulipokutana ilikuwa raha ambayo sina namna ya kuwaeleza, kila mmoja anakuta shimo lake limejazwa na mtu mwingine.

"Kwihara Ile" ilizaliwa barabarani. Tulikuwa tumepiga harusi kijiji kimoja huko kusini, na asubuhi tukiwa tunarudi gari likafa. Dereva akafungua boneti, akalifunga, akakaa chini ya kivuli chake. Mjini walikuwa wanatusubiri kwa bugi la mchana. Mzee Kilasa akasema vyombo vichukuliwe, tutembee. Basi tukabeba. Mimi spika kichwani, Maganga dram kubwa kichwani na gitaa mgongoni, mpiga tumba na tumba zake, waimbaji wale wawili wakalazimika kushirikiana amplifaya moja, huku na huku, bila kusemezana. Tukaikanyaga njia ile ile ya misafara ya zamani, ambayo babu zetu waliipita na pembe na nguo za watu wengine kichwani, kutoka pwani na kwenda Ujiji. Babu yangu mzaa baba alikuwa akisimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi, na kwamba wapagazi wa kwao walikuwa na mahali wanapojua kwamba wamefika, wakipaona mbele Kwihara, hapa jirani na mji wa Tabora, shingo zinasahau mzigo na wanaanza kukimbia.

Nilikuwa naikumbuka hadithi hiyo huku shingo inaniuma. Tulipopanda mwinuko mmoja mpiga tumba akapaza sauti: "Kwihara ile!" Nami miguu yangu ikashika moto. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilikimbia na spika kichwani, nyaya zinaning'inia, wengine wakaanza kukimbia nyuma yangu tunacheka kama wehu. Maganga hakukimbia. Dram kichwani, hatua zake vile vile, tu-tu-tu-tu. Tulipochoka na kukaa chini alitukuta, hakusimama hata, akapita akisema: "Usikimbie, bwana. Kwihara haihami."

Bugi hatukuliwahi. Ila wimbo tulikuwa nao. Maganga alitoa kipande chake kutoka kwenye zile hatua: gitaa linatembea kidogo, linanyamaza, linatembea, linanyamaza. Kwenye kila ukimya nadakia mimi, nauvuta waya, unalia kama mtu aliyepaona kwao. Maneno hayakuwa mengi. "Kwihara ile, ile pale, mzigo si mzito tena." Kisha mwishoni bendi nzima inachangamka, ule mchemko wa kumalizia, na hapo ndipo mimi nilipokuwa na ugonjwa wangu. Nilikuwa nakimbia. Kila mara, nikifika pale, mkono unataka kufika kabla ya wengine. Maganga alikuwa anafumbua jicho moja ananitazama, nami narudi mstarini.

Mtajua alivyokuwa na kazi siku nitakapowasimulia alivyokosekana, na siku yenyewe ni hii. Masika moja, dansi hakuna, watu wote wako mashambani. Kikundi kimoja cha kulima kwa ngoma kikamwomba Mzee Kilasa tuwapigie wakati wanapalilia karanga, maana mpiga ngoma wao alikuwa anaumwa. Mnajua kulima kwa ngoma, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na mstari wote unasogea kwa mapigo. Maganga hakuwepo, alikuwa kwa wakwe watarajiwa. Tukaenda na betri ya gari, amplifaya ndogo na mori wangu. Nikaanzisha "Kwihara Ile". Mwanzo ulikwenda vizuri, majembe yanarushwa juu yanadakwa, akina mama wanashangilia pembeni. Nikafika kwenye mchemko. Hakuna wa kunitazama kwa jicho moja. Nikakimbia, na wakulima, kwa kuwa ngoma ndiyo inayowaongoza, wakakimbia nami. Vumbi likapanda. Karanga zikaisha, mpaka ukavukwa, wakaingia kwenye shamba la jirani wakayasawazisha matuta yake ya viazi, mapya kabisa, na mimi nimefumba macho nauvuta waya.

Nilifumbua macho niliposikia kimya. Mwenye viazi, mzee mfupi aliyefunga shuka, amesimama mbele yangu. "Nyie," akasema, "mnalima au mnafukuza mwizi?" Kesho yake Mzee Kilasa alitupeleka kuyainua matuta yale kwa mikono yetu, na alikataza mtu yeyote asiimbe. Maganga aliporudi na kusimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini. Neno lake la "Usikimbie" mara ile hakulisema, maana alijua nimeshalisema moyoni kwa niaba yake.

Akamwoa yule binti aliyekwenda kumposa, Kalunde. Baba yake Kalunde alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya kukubali aliweka sharti moja, kwamba binti yake hatakanyaga ukumbi wa dansi. Kalunde aliliheshimu neno la baba yake hata baada ya baba mwenyewe kufariki. Kwa hiyo miaka yote ile mume wake alipokuwa anawachezesha watu, yeye hakuwahi kutuona jukwaani hata siku moja. Mimi alinijua kama shemeji anayekuja kula.

Bendi haikufa kwa ugomvi. Vyombo vilichakaa, disko likaja, kumbi zikageuzwa maghala na nyingine makanisa, na Mzee Kilasa akatangulia mbele ya haki. Kisha baba yake Maganga akafariki, na ng'ombe walikuwa hawana mtu. Nilimsindikiza stendi. Alibeba gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, na godoro. Tuliagana kama watu watakaoonana wiki ijayo. Mimi nikafungua kibanda cha kutengeneza redio na spika, nikawa nashona kwa gundi zile karatasi nilizokuwa nazichana.

Tulionana misibani. Simu zilipokuja tukawa tunapigiana, lakini Maganga hakuwa mtu wa simu. "Upo?" anauliza. Nipo. "Haya." Basi. Kila mwaka tulisema mwaka huu nikishavuna nitakuja, mwaka huu nikishauza nitakuja, tutaupiga ule wimbo. Nilikuwa naukumbuka, vijana. Naukumbuka mpaka vidole vinajikunja vyenyewe mezani. Nyimbo nyingine niliweza kuzipiga peke yangu nikaridhika. Huu ulikuwa unanirudisha kwenye zile nafasi zake, nalia peke yangu, hakuna anayetembea.

Kiangazi kilichopita Maganga alifariki. Nilikwenda kumzika, nikarudi, na mlango wa kibanda sikuufungua muda mrefu.

Ndipo akaja Neema, huyu binti wa mtaa wa pili mnayemjua, anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Akaja na wenzake, kompyuta na maikrofoni, wakasema, "Babu, turekodi 'Kwihara Ile', sisi tutajaza vyombo vingine." Nikarekodi kipande changu sebuleni, mfumo wa zamani, pamoja na ukimya wake. Neema akauliza, "Rithim ilikuwa inapigaje?"

Nilijua kwamba inatembea, najua mahali inaponyamaza, lakini sauti zenyewe, ipi inaanza, ipi inafuata, zilikuwa zimeniponyoka. Nilikuwa nimezisikia maisha yangu yote nikiwa nashughulika na mambo yangu. Nilikuwa na kaseti moja iliyorekodiwa ukumbini, na redio iliila zamani, na hata kabla haijaliwa ilikuwa na kelele zangu tu. Vijana wakajaza kwa kompyuta. Kompyuta ilipiga vizuri, haikukosea, haikunyamaza. Nikawaomba wazime. Neema aliona uso wangu, akafunga kompyuta taratibu, akaniambia, "Pole, Babu." Usiku ule nilielewa kwamba sikumzika Maganga peke yake. Tulikuwa tumezika na nusu ya wimbo.

Wimbo atausikia kila mtu karibuni, Neema ameshaumaliza. Mtakapousikia mtashangaa kwamba mahali pa gitaa la pili pana sauti ya mama mzee, na chini yake kuna kitu kinachochakacha. Msidhani ni mbwembwe za studio. Hicho ni ungo.

Nilikwenda Choma baada ya mavuno ya mpunga, nikiwa na gitaa kavu langu. Nilijiambia kwamba labda alimfundisha mtoto wake mmoja, labda jirani. Basi mpaka Igunga, kisha pikipiki. Nilimkuta Kalunde uani, anapeta mchele, na upepo wa alasiri ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo.

"Mwadila, shemeji," nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Karibu. Mbona hukusema unakuja? Ningechinja hata kuku."

Tukaulizana habari, tukamtaja marehemu. Nikamweleza kilichonileta. Akatikisa kichwa. "Watoto hawa wanajua ng'ombe na bodaboda, shemeji. Gitaa hakuna aliyeligusa. Lile pale." Lilikuwa linaning'inia ukutani, nyuzi tatu zimebaki, na ndani panya alishazalia. Nikalishusha nikalitazama, nikalirudisha ukutani. Akaniletea ugali na maziwa ya mgando, nikala bila kusikia ladha, nikiwa nahesabu tu nitawaambia nini akina Neema.

Yeye akarudi kwenye ungo wake. Na alipokuwa anapeta, akaanza kuimba kwa pua, bila maneno, kama mtu asiyejua kama anaimba. Tu-tu-tu-tu. Akanyamaza, ungo ukachakacha mara mbili. Tu-tu-tu-tu. Akanyamaza.

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Shemeji," nikasema, "huo wimbo umeutoa wapi?"

"Upi? Huu?" Akacheka. "Huu wala si wimbo. Ni wa marehemu Baba Mihayo huu. Kila jioni ng'ombe wakishaingia zizini alikuwa anakaa pale kwenye kigoda anapiga hivi hivi. Haufiki popote. Nimeusikia tangu ananioa, mpaka na mimi ukanishika."

"Na hapo unaponyamaza?"

"Hapo ndipo alipokuwa ananichekesha. Mimi nilidhani anasahau. Anapiga kidogo, anasahau. Nikawa namwambia, baba, umesahau tena? Ananijibu, sijasahau, hapo namsubiri mtu."

Yeye akaendelea kupeta, anatabasamu. "Nikamuuliza, mtu gani? Anacheka tu, hasemi. Nilinuna, shemeji! Nilinuna kweli. Nikajua ana mtu Tabora huko. Wanamuziki nyie si mnajulikana."

Nilinawa mikono. Nilitoa gitaa langu kwenye mfuko. "Anza tena, shemeji," nikamwambia. "Imba kama ulivyokuwa unaimba. Ukifika anaponyamaza, nyamaza."

Akanitazama kwa mashaka, lakini akaanza. Tu-tu-tu-tu. Akanyamaza, nami nikauvuta waya. Aliruka kidogo, ungo ukayumba, mchele ukamwagika na kuku wakaja mbio. Nikamwonyesha kwa kichwa aendelee. Akaendelea. Kila aliponyamaza niliingia, na kila nilipotoka alikuwepo, yuko pale pale, hatua zile zile, sauti ipi inaanza na ipi inafuata, zote zipo, hakuna iliyopotea. Kalunde aliacha kupeta. Akauweka ungo mapajani akaimba huku ananiangalia mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Tukaanza upya, mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa na furaha ambayo nilishaisahau, na tulipofika kwenye mchemko mkono wangu ukashika moto kama zamani, nikaachia.

Kalunde akainua mkono, akanisimamisha.

"Hapana, shemeji. Akifika hapo alikuwa hapigi hivyo. Alikuwa anasimama, anatikisa kichwa, anasema peke yake, 'Usikimbie, bwana. Kwihara haihami.' Kila jioni. Nami najiuliza, huyu mzee anamwambia nani, na hapa uani tuko sisi na ng'ombe?"

Niliinama juu ya gitaa nikalia, mbele ya shemeji yangu na kuku wake. Alinisubiri. Nilipomaliza akauokota ungo, akaukung'uta, akaanza tena taratibu, tu-tu-tu-tu, nami safari hii nikaenda kwa mwendo wake.